Kutoka alama 9 hadi 19: binti yangu na shairi la tai

Ijumaa iliyopita binti yangu alishuka kwenye basi la shule na karatasi ya uchambuzi wa shairi mkononi. Hata kwenye begi hakuitia. Alama 19 kati ya 20. Pembeni mwalimu wake ameandika kwamba angependa aisome kazi ile mbele ya darasa. Niliisoma nimesimama mlangoni, koti bado mwilini, na sioni haya kusema kwamba nililia. Wazazi wenzangu mnaolea watoto huku Minnesota na kwingineko Marekani mnanielewa. Sote tuna ndoto hiyo hiyo.

Wiki mbili kabla ya hapo, kwa shairi hilo hilo, alipata 9.

Shairi lenyewe ni "The Eagle" la Mwingereza Alfred Tennyson, lililochapishwa mwaka 1851. Lina mistari sita tu. Tai ameng'ang'ania jabali karibu na jua, bahari iko chini yake, anatazama, halafu anaanguka kama radi. Binti yangu, yuko darasa la saba, aliandika kwamba tai huyo ni uhuru wa Marekani. Ndege huyo yuko kwenye muhuri mkuu wa nchi hii tangu 1782, na noti ya dola moja inaye mgongoni. Lakini Tennyson hakuwa Mmarekani, na yule tai mwenye kichwa cheupe wa kwenye noti ni ndege wa Amerika Kaskazini, Uingereza hayupo.

Kosa lile lilikuwa langu. Mimi ndiye niliyemwambia aandike hivyo. Nilikuwa jikoni, nimechoka, nikamuuliza, "Shairi linahusu nini?" Akasema tai. Nikamwambia, "Basi andika uhuru, tai ni uhuru." Sikulisoma.

Ndivyo nilivyofundishwa. Kidato cha pili, Mwanza, mwalimu wetu wa Kiingereza alileta shairi fupi la ndege. Kabla hatujasikia hata mstari mmoja ubao ulikuwa umeshajaa: dhamira, ujumbe, falsafa ya mwandishi. Tukanakili. Kesho yake akaniinua nilisome kwa sauti. Nikakwama kwenye neno la tatu, nikarudia, nikakwama tena. Akaniambia nikae chini, mashairi si ya watoto wa Mwaloni, yaani sisi wa soko la samaki kando ya ziwa. Darasa zima likaangua kicheko. Nina miaka 41 sasa, nimesoma, nimefanya kazi nchi mbili, na kicheko kile bado nakisikia.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba sisi watoto wa Mwaloni ndio tuliokuwa tunamjua ndege. Mama yangu aliuza dagaa pale Kirumba, na mimi nilianika naye. Furukombe, tai wa ziwani anayevua samaki, alikuwa anatua juu ya jiwe, yale mawe makubwa ya Mwanza, kichwa cheupe pe, anatazama ziwa. Unaanika beseni zima la dagaa, unalimaliza, yuko pale pale. Hatikisiki. Ukiinua macho mara ya pili jiwe ni tupu, na huko majini yeye anapiga mbawa kuinuka, samaki anapapatika miguuni. Ile katikati hukuiona. Mwalimu angeniuliza ndege anafanya nini, ningeongea mpaka kengele ilie.

Basi baada ya ile 9 nilimpakia binti yangu kwenye gari Jumamosi asubuhi tukaenda Wabasha, mji mdogo kando ya mto Mississippi. Sehemu ile maji hayagandi yote wakati wa baridi, kwa hiyo tai hukusanyika kuvua samaki. Wana kituo cha tai pale, na ndani wapo ambao waliumia na hawawezi tena kuachiwa porini. Tulisimama karibu sana na mmoja. Nikamwambia mwanangu asitazame kichwa wala mdomo, atazame mguu. Mguu wa manjano, ngozi yake ina magamba kama ya mjusi, vidole vinne, na kila kimoja kinaishia kwenye kucha nyeusi iliyopinda kama ndoano. Ule mguu ulikuwa umekikumbatia kigogo. Akanong'ona, "Mama, ni kama mkono."

Tennyson ameandika hivyo hivyo. Hakusema kucha, alisema mikono iliyopinda. Mwalimu wangu angeandika ubaoni "tashihisi", yaani kumpa mnyama sifa za mtu, na kuendelea mbele. Mwanangu alijua kwa nini ni mikono, kwa sababu alikuwa ameiona.

Usiku tukalisoma kwa sauti, na hapo ndipo nilipopigwa na butwaa. Nilianza kuhesabu mizani, yaani silabi, kwa vidole kama tulivyozoea kwenye Kiswahili. Mstari wa kwanza, nane. Wa pili, nane. Yote sita ni nane nane! Beti mbili za mistari mitatu mitatu, na kila ubeti una kina kimoja tangu mwanzo hadi mwisho. Hiyo ni tathlitha, jamani. Shairi lililonitisha miaka yote limekaa kwenye kipimo ninachokijua, mizani nane ya kipande kimoja cha mstari wa shairi letu. Mstari wa kwanza una maneno matatu yanayoanza kwa kugonga sauti ya "k", kama kucha kwenye jiwe. Na bahari ina makunyanzi na inatambaa, kwa sababu anayeitazama yuko juu mno, mawimbi kwake ni mikunjo tu.

Ushauri wangu basi ni huu. Mtoto akipewa shairi la mnyama, amtazame mnyama kwanza. Kama hakuna tai, yuko kunguru, yuko mjusi ukutani. Kisha alisome kwa sauti, tena na tena, ahesabu mizani, asikilize vina. Halafu atazame vitenzi. Huyu tai anashika, anasimama, anatazama, mambo ya kutulia tupu, mpaka neno la mwisho kabisa la shairi ndipo anaanguka. Dhamira ije baadaye, ikija yenyewe. Na wewe mzazi soma shairi kabla ya kufungua mdomo. Usimwachie mtoto majibu uliyonakili wewe ubaoni miaka ishirini na tano iliyopita. Na walimu mnaonisoma, mtoto akikwama kwenye neno la tatu, mngojeni. Mngojeni tu.

Jumapili tulimpigia bibi yake Mwanza. Binti yangu akamsomea lote kwa Kiingereza ili asikie mlio, kisha tukamfasiria mstari kwa mstari. Mama yangu hakusoma zaidi ya darasa la nne. Alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Huyo ni furukombe." Akanyamaza kidogo. "Sasa mbona limekatika? Samaki kampata?"

Binti yangu alinitazama, kisha akairudia simu. Akamwambia bibi yake kwamba hata Tennyson mwenyewe, chini ya jina la shairi, aliandika kuwa hiki ni kipande tu.

"Aah," akasema mama. "Basi kampata. Furukombe hashuki bure."