Jana kikapu, leo muziki: sakafu imekwenda wapi?

SWALI: Shikamoo mzee. Jumamosi mchana nilikwenda kutazama mpira wa kikapu kwenye ukumbi mkubwa wa ndani. Jumapili jioni nikarudi palepale kwa tamasha la muziki, nikakuta sakafu ya mbao haipo, jukwaa limesimama palipokuwa na goli, viti vimejaa katikati. Wanawezaje kwa usiku mmoja? Na la pili: nilikaa juu kabisa, karibu na ukuta wa nyuma. Besi niliisikia mpaka kifuani, ila maneno ya mwimbaji sikuambulia hata mstari mmoja. Mitambo ilikuwa mibovu, au ni kiti changu?

JIBU: Marahaba mwanangu. Nimegeuza kumbi za namna hiyo miaka 11, kwa hiyo hilo la kwanza mikono yangu inalijua.

Sakafu ya kikapu haikugundishwa chini. Ni vipande zaidi ya 200 vya mbao ngumu, kila kimoja kikubwa kuliko mlango, vinavyoshikana kwa pini. Mechi ikiisha tunachomoa pini, vipande vinapangwa kwenye matoroli na kusukumwa stoo. Kila kipande kina namba mgongoni, na namba hiyo haichezewi. Usiku mmoja kijana wetu alipishanisha vipande viwili. Vilikaa, kwa macho huoni kitu. Lakini nilipopitisha kiganja nikagusa ukingo umeinuka, unene wa ukucha. Tukafumua safu tatu, saa tisa usiku, maana mchezaji akitua pale kwa kasi, kifundo cha mguu kinateguka.

Kwenye kumbi za hoki ya barafu, kama Madison Square Garden ya New York, barafu yenyewe haiyeyushwi. Ina unene wa sentimita tatu hivi. Inafunikwa kwa mbao zinazozuia baridi isipande, na uwanja wa kikapu unatandikwa juu yake. Wachezaji wanatoka jasho, barafu iko chini ya miguu yao.

Sasa la sauti, ambalo ndilo linaloniuma zaidi. Sauti husafiri mita 343 hivi kwa sekunde. Ukikaa mita 70 kutoka jukwaani, neno linakufikia baada ya sehemu ya tano ya sekunde. Halafu linagonga ukuta, linarudi, linakutana na neno linalofuata. Wewe hapo huna wimbo tena, una uji. Mashabiki wa kikapu huo mwangwi wanaupenda, kwa sababu kelele zao zinawarudia na ukumbi unachemka. Mwimbaji unamwua. Ukumbi unaotumika kwa yote mawili lazima uamue mapema: kuta za nyuma na sehemu ya chini ya paa zivishwe vitu vya kunyonya sauti, na kelele za michezo zipungue kidogo. Mimi naunga mkono hivyo bila kusita. Shabiki atapiga kelele hata iweje, lakini neno lililopotea halirudi.

Na pazia jepesi lililobandikwa ukutani halitoshi. Linanyonya sauti nyembamba tu. Besi inalipita kama haipo, kwani yenyewe inahitaji kitu kinene. Ndiyo maana wewe ulibaki na ngoma bila maneno.

Mafundi wazuri hutundika spika nyingine katikati ya ukumbi kwa ajili ya watu wa juu, na kuzichelewesha makusudi ili zitoe sauti sawia na ile inayotoka jukwaani. Kama uliko hukuziona zikining'inia mbele yako, jibu unalo. Mitambo huenda ilikuwa mizima kabisa. Hakuna aliyeielekeza kwako.

Safari nyingine, kabla ya kulipia tiketi, uliza fundi mitambo anakaa wapi. Mara nyingi meza yake huwa sakafuni, ikitazamana na jukwaa. Tafuta kiti kwenye mstari wake, hata kama ni nyuma yake, maana anapanga sauti kwa masikio yake mwenyewe. Ukikosa, bora safu za kati za ghorofa ya kwanza, na usikae chini ya kibaraza cha ghorofa ya juu, kwani kinakukinga na spika zilizotundikwa. Ule ukuta wa nyuma, kama ni zege tupu, uache mbali kadiri uwezavyo.