Kolonoskopi, maumivu na dawa ya kutuliza: nichague ipi?

SWALI: Daktari, nina umri wa miaka 56 na nimepangiwa kufanyiwa kolonoskopi, yaani kuangaliwa ndani ya utumbo mpana kwa mpira wenye kamera, baada ya kipimo cha choo kuonyesha damu isiyoonekana kwa macho. Nimeelezwa kwamba ninaweza kufanyiwa bila dawa yoyote, kwa sindano ya kunituliza, au kwa dawa ya kunilaza kabisa. Dada yangu alichomwa sindano ya kutuliza na anasema hakumbuki kitu. Jirani yangu alichomwa sindano hiyohiyo na anasema aliumia mwanzo hadi mwisho. Mimi nina presha na ninatumia dawa zake kila siku, tena watu wa nyumbani hulalamika kwamba ninakoroma sana. Inawezekanaje dawa moja ilete matokeo tofauti hivyo, na mimi nichague ipi?

JIBU: Ili uchague vizuri, ni lazima kwanza ujue maumivu ya kipimo hiki yanatoka wapi, kwa maana hayatoki pale ambapo wagonjwa wengi hudhani. Ukuta wa ndani wa utumbo mpana hauhisi kukatwa wala kuchomwa kwa umeme, na ndiyo sababu tunaweza kuondoa polipu (kinyama kinachoota kwenye ukuta huo) au kuchukua kipande cha kupima huku mgonjwa akiwa macho na asijue kama tumefanya lolote, isipokuwa tukiwa karibu kabisa na njia ya haja kubwa. Kinachoumiza utumbo ni kuvutwa na kujazwa. Katika sehemu ya chini ya tumbo upande wa kushoto, utumbo hupinda na kuning'inia kwenye utando unaoushikilia. Mpira wa kamera ukisukumwa hapo bila kunyooshwa, hujikunja kitanzi, ncha yake haisogei mbele, na nguvu yote huishia kuuvuta ule utando. Hapo ndipo mgonjwa hukunja uso. Utumbo mpana wa mtu mzima una urefu wa takriban mita moja na nusu, lakini daktari anayejua kurudisha mpira nyuma na kuunyoosha hufika mwisho wake akiwa ameingiza sentimita 70 hadi 90 tu, kwa sababu utumbo wenyewe hujikusanya juu ya mpira. Akiingiza zaidi ya hapo, mara nyingi ni dalili kwamba kuna kitanzi ambacho hakijafunguliwa.

Chanzo cha pili ni hewa inayopulizwa ili utumbo ufunguke na kuonekana. Hewa ya kawaida ina naitrojeni nyingi, ambayo hainyonywi kwa urahisi, kwa hiyo hubaki tumboni na kukusumbua hata saa kadhaa baada ya kipimo. Hewa ukaa hunyonywa haraka na ukuta wa utumbo, huingia katika damu na kutoka kwa pumzi, na wagonjwa wanaopuliziwa hiyo huondoka na tumbo jepesi zaidi. Wapo pia madaktari wanaojaza maji badala ya hewa wakati wa kuingia. Maji hupunguza kujikunja kwa utumbo, na mgonjwa asiyepewa dawa hunufaika nayo kwa namna ya pekee. Kumgeuza mgonjwa kutoka ubavu wa kushoto na kumlaza chali, au muuguzi kubonyeza tumbo mahali panapofaa, nako huokoa dawa nyingi.

Sasa tuje kwa dada yako na jirani yako. Sindano ya kutuliza kwa kawaida huwa na dawa mbili: midazolamu, inayoondoa hofu na kuleta usingizi mwepesi, na dawa ya maumivu ya jamii ya opioidi kama fentanili au pethidini. Watu wawili wanaweza kupewa kiasi kilekile cha dawa na bado wasifanane, kwa kuwa hawana utumbo unaofanana. Wanawake wembamba, waliowahi kufanyiwa upasuaji wa nyonga kama vile kuondolewa kizazi, na walioingia chumbani na hofu kubwa, huumia zaidi kwa wastani. Lakini kuna jambo jingine ambalo sisi wenyewe tunaofanya kazi hii hatulisemi vya kutosha: midazolamu huzuia ubongo kuhifadhi kumbukumbu ya yale yanayotokea baada ya kuchomwa. Huenda dada yako alilalamika, akaombwa avute pumzi, akajibu vizuri, kisha akaamka bila kukumbuka hata neno moja. Kutokukumbuka maumivu si ushahidi kwamba hayakuwapo. Kwa sababu hiyo sitegemei jibu la mgonjwa baada ya kuamka peke yake. Napenda muuguzi aandike hali ya mgonjwa wakati mpira ungali ndani, maana hapo ndipo ukweli ulipo.

Dawa ya kulaza kabisa kwa kawaida ni propofoli. Huanza kufanya kazi chini ya dakika moja, na ikisimamishwa, wengi huamka ndani ya dakika 10 hadi 20 wakiwa na akili timamu na bila kichefuchefu kikubwa. Wagonjwa huipenda, na wana haki. Hata hivyo, umbali kati ya usingizi mzito na nusu kaputi ni mfupi sana. Mtu anaweza kuuvuka bila mtu yeyote kukusudia, na akishauvuka, ulimi na koo hulegea, pumzi hupungua na presha hushuka. Midazolamu ina dawa ya kuipinga, flumazenili, na opioidi zina naloksoni, ingawa hizo zote mbili zinaweza kuisha nguvu kabla ya dawa zinazozipinga, na mgonjwa akasinzia tena. Propofoli haina dawa ya kuipinga: unasubiri iishe huku ukimsaidia mgonjwa kupumua. Kwa hiyo ni lazima awepo mtu aliyefunzwa kusimamia njia ya hewa, ambaye kazi yake pekee kwa muda wote huo ni kukuangalia wewe, wala si yule anayeshika kamera.

Kukoroma kwako, kwa hiyo, si jambo la kuonea haya wala la kutaja mwishoni. Koo linaloziba usiku litaziba mapema zaidi chini ya dawa. Waulize wa nyumbani kama kuna nyakati ambapo pumzi yako hukatika kisha ukashtuka kwa kuvuta hewa, na kama mchana husinzia ovyo. Jibu likiwa ndiyo, mweleze daktari kabla ya siku ya kipimo ili apime uwezekano wa ugonjwa wa kukatika pumzi usingizini. Presha nayo ina lake: baada ya dawa ya kusafisha utumbo mwili hupungukiwa maji, na ukiongeza vidonge vya presha na propofoli juu yake, presha inaweza kushuka kuliko tunavyotaka. Usiache dawa zako kwa uamuzi wako. Uliza kwa kutaja kila kidonge kwa jina, hasa vile vya kuongeza mkojo, ni kipi umeze asubuhi hiyo kwa maji kidogo na kipi usubirishe.

Kwa maelezo uliyonipa, mimi ningeanza na sindano ya kutuliza kwa kiasi kidogo cha dawa, kikiongezwa polepole kwa kadiri unavyohitaji, kwa daktari anayetumia hewa ukaa au maji. Katika usingizi mwepesi unaweza kuongea, na unapoumia unasema, naye anajua kwamba kuna kitanzi cha kufungua. Kama huna hofu kubwa, inawezekana hata kuanza bila dawa, ilimradi kanula, yaani kimrija cha kupitishia dawa mshipani, iwe tayari mkononi na mkubaliane mapema kwamba ukiomba dawa utapewa bila kubembelezwa uvumilie. Propofoli ningeiweka kwa mtu ambaye kipimo cha awali kilishindikana kwa maumivu, au anayetarajiwa kuondolewa polipu kubwa itakayochukua muda mrefu. Kwako wewe iwezekane tu mbele ya mtaalamu wa dawa za usingizi.

Vyovyote utakavyochagua, oksijeni, mapigo ya moyo na presha vifuatiliwe muda wote, na katika usingizi mzito hewa ukaa unayoitoa puani ipimwe pia, kwa kuwa hiyo huonyesha pumzi imepungua kabla kipimo cha oksijeni cha kidoleni hakijashuka. Tumbo liwe tupu: kwa kawaida vinywaji vyepesi visivyo na maziwa husimama saa 2 kabla ya dawa, ingawa kituo chako kinaweza kukupa muda mrefu zaidi, nawe ufuate huo. Ukishapewa dawa usiendeshe gari, usinywe pombe wala kutia sahihi jambo zito kwa saa 24, hata ukijiona mzima, na uwe na mtu wa kukusindikiza. Tumbo kujaa gesi siku hiyo ni kawaida. Maumivu makali yanayozidi, tumbo kukakamaa, homa, au damu nyingi kwenye choo si kawaida, na hapo urudi hospitali saa hiyohiyo.