Dodekanoli imeganda chupani

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni fundi wa maabara, Iringa. Napima viuatilifu kwenye maji ya mifereji ya mashamba ya nyanya. Lita moja ya maji inakula mililita 180 za daikloromethani, kiyeyusho cha kuvuta dawa kutoka majini: 60, mara tatu. Sampuli 14 tu na chupa ya lita mbili na nusu imekwisha, na kichwa kinaniuma. Nasikia siku hizi tone moja la kiyeyusho linatosha. Kweli, au ni maneno ya semina?

JIBU: Marahaba mwanangu. Ni kweli. Ila hicho kichwa usikipuuze. Daikloromethani haifunguliwi nje ya kabati la kufyonza hewa.

Watafiti wa Iran walionyesha mwaka 2006: maji mililita 5, kisha asetoni mililita moja iliyobeba mikrolita 8 za kiyeyusho cha tetrakloroethilini, ikapigwa humo kwa sindano kwa mkupuo. Lakini tetrakloroethilini nayo ina klorini, kama daikloromethani yako. Mimi natumia dodekanoli, alkoholi nzito isiyochanganyika na maji, mikrolita 50 ndani ya nusu mililita ya asetoni. Ukiipiga, maji yanakuwa meupe kama tui. Zungusha tyubu kwenye mashine dakika tano, tone la dodekanoli linaelea juu, limebeba viuatilifu. Tumbukiza tyubu kwenye barafu (mimi nilikuwa nanunua kwa muuza juisi) na tone linaganda kama punje ya dengu. Lichote kwa kijiko, liyeyushe kwa methanoli kidogo, liingize kwenye mashine ya kromatografia, ile inayotenganisha dawa na kuzipima.

Dodekanoli huyeyuka kwenye nyuzi 24. Huko kwenu asubuhi utaikuta imeganda chupani. Ipashe kwenye maji ya uvuguvugu. Huku Dar ukizubaa tu, imeshayeyuka kijikoni.

Klopirifosi, dawa ya wadudu, itaingia toneni vizuri. Glaifoseti, dawa ya magugu, usihangaike nayo, hiyo haibanduki majini.

Sasa tope. Maji ya mfereji yakiwa machafu, tui halikatiki. Unabaki na utando katikati kama wa maziwa, tone hulioni. Nilipoteza wiki nzima hapo. Chuja kwanza, lakini andika kwenye ripoti kwamba umepima dawa iliyoyeyuka tu, maana nyingine imebaki kwenye tope.

Na vipimo vya kulinganishia usivitengeneze kwa maji safi ya maabara. Chota maji juu ya mfereji, kabla hayajafika mashambani, uyapime kwanza, ndipo uyatie dawa kwa kiasi unachokijua. Mimi nilitumia maji safi, sampuli zangu zote zikasoma chini, na mkulima mmoja nikamwambia mfereji wake hauna tatizo. Ilibidi nirudi kwake.