Jibu: Mtoto kutoka makao ya watoto, akiitwa hageuki
Dada, umeuliza kama huyo wa miezi 14 uliyemchukua makaoni amechelewa kushika lugha. Kwanza akapimwe masikio, hilo lisingoje.

Yakiwa mazima, usikate tamaa. Kichanga hutofautisha hata sauti za lugha za mbali. Kati ya miezi 6 na 12 sikio huanza kuelemea lugha anayosemeshwa. Kusemeshwa ndiko kwenye uzito. Mwaka 2003 mtafiti wa lugha ya watoto Patricia Kuhl na wenzake, Marekani, walionyesha kuwa watoto wa miezi 9 walishika sauti za Kichina kwa mtu aliyekaa nao, kwa televisheni hawakushika. Kwenye makao ya watoto ninapojitolea, Mbagala, mlezi mmoja ana watoto wanane. Anawabadilisha nepi kimya, mikono imemjaa, huku televisheni ikiongea kutwa. Inaniuma sana.

Kule Romania, watoto wa makaoni waliohamishiwa kwenye familia kabla ya takriban miezi 15 walikuja kuwakaribia wenzao kilugha. Wako bado yumo ndani ya umri huo. Ukimwogesha mtazame usoni: "Maji hayo! Mguu uko wapi? Huu hapa!" Akiguna, nyamaza umsikilize, kisha mjibu.