Otoboke Beaver: Ajira, Likizo na Nyimbo za Nusu Dakika

Bendi nyingi za panki hufa kwa mambo mawili: kushindwa kukata muziki pamoja kwa pigo moja, na pesa. Kasi yenyewe hujifunzwa na yeyote mwenye mkono na subira. Ndiyo maana tunawashauri wasichana wanaotaka kupiga muziki wa hadikoo, yaani panki ya kasi na ukali zaidi, waifuatilie Otoboke Beaver, bendi ya wanawake wanne iliyoanza mwaka 2009 mjini Kyoto, kwenye klabu ya muziki ya Chuo Kikuu cha Ritsumeikan.

Tuanze na pesa. Kwenye kumbi ndogo za Japani bendi changa hailipwi, hupangiwa noruma, yaani idadi ya tiketi ambazo lazima iziuze. Chukua mfano wa tiketi 20 za yeni 2,000. Mkiuza 12, nane zilizobaki ni zenu: yeni 16,000 kutoka mifukoni, elfu nne kwa kila mmoja. Mkivuka idadi ndipo mnapata mgawo wa mauzo ya tiketi. Kinywaji cha lazima anachonunua mtazamaji mlangoni, yeni 500 au 600, ni cha ukumbi. Kosa la kawaida ni kukubali maonyesho mawili mji mmoja ndani ya mwezi mmoja. Wanunuzi wa mwanzo ni marafiki zenu walewale, na mara ya pili hawaji. Ulizeni mapema noruma ni ngapi, mgawo ni asilimia ngapi, na ukumbi una drams na amplifaya au la. Kumbi nyingi za huko zina vyote, kwa hiyo mnabeba magita, pedali za kubadilisha sauti ya gita, na pengine snea (ngoma ndogo kali ya katikati ya drams) na matoazi yenu. Jueni pia kwamba kupima sauti huenda kinyumenyume: bendi ya mwisho jukwaani hupima kwanza, ya kwanza hupima mwisho na kuacha vyombo vyake palepale. Mkichelewa mmevuruga wote.

Sasa muziki. Nyimbo za Otoboke Beaver hukatika ghafla, hubadilisha hesabu ya midundo katikati ya mstari, na waimbaji hurushiana maneno kama wachekeshaji wawili wawili wa Kansai, eneo la Japani ulipo mji wa Kyoto. Ukisikiliza mara ya kwanza utadhani ni vurugu. Sikiliza pale wanaponyamaza: wanakata wote kwa pigo moja, na wanarudi kwa pigo moja. Hapo hakuna bahati, ni mazoezi tu.

Kufika huko, zimeni kabisa kwanza distoshoni, yaani mkwaruzo wa makusudi kwenye sauti ya gita, maana inaficha nani kachelewa. Wimbo wa midundo 200 kwa dakika uanzeni na 120, ongezeni mitano tu baada ya kuupiga safi mara tatu mfululizo. Mteueni mmoja wa kutoa ishara ya kurudi, awe mpiga drams au mwimbaji, lakini asiwe wote wawili. Mpiga drams huwahi kurudi kwa sababu mikono ikinyamaza hesabu nayo hunyamaza. Dawa ni mguu wa kushoto kuendelea kukanyaga hai-hati, yaani jozi ya matoazi yenye pedali, kimyakimya wakati wote wa pengo. Rekodini kwa simu, iwe kona ya mbali na drams, msikilize siku hiyohiyo.

Gita nalo lina lawama zake. Likiendelea kuvuma baada ya mkato, distoshoni imezidi. Punguzeni na mwongeze sauti za kati, na kuzima nyuzi kufanywe kwa mikono yote miwili. Uzi mwembamba ukipigwa kwa nguvu hupanda nje ya tuni kwa kitambo, basi hamieni seti nene zaidi, ambayo uzi wake mwembamba ni namba 11 badala ya 9. Na maiki: usikishike kichwa chake chote kiganjani. Maiki ya jukwaani hukataa sauti za nyuma kupitia matundu yaliyo chini ya wavu. Ukiyaziba inasikia kila upande, na spika zinaanza kupiga mluzi. Fundi mitambo atalaumiwa bure.

Mashairi yao ni ya lafudhi ya Kansai, na mengi ni ya hasira za kila siku, mfano mwanamke kutegemewa kugawa saladi mezani wakati wanaume wamekaa tu. Hawakugeukia Kiingereza ili wauzike nje, na walisikilizwa hivyohivyo. Tunaona ndiyo sahihi: mdomo hauwezi kukimbia kwa kasi ile kwa lugha ya kuazima.

Mwaka 2016 lebo ndogo ya London, Damnably, ilitoa mkusanyo wa kazi zao za awali. Hatua hiyo ni ya kuiga. Mkiwa na rekodi zilizotapakaa za miaka sita au saba, msikilizaji wa mbali apewe mlango mmoja. Aprili 2018 walipiga kwenye tamasha la Coachella, Marekani, na mwaka huohuo wakapata mpiga drams mpya. Albamu ya Itekoma Hits ikatoka 2019. Super Champon, ya 2022, ina nyimbo 18 kwenye dakika kama 21, nyingine hazifiki nusu dakika. Urefu huo una faida kiwandani: dakika kumi na kidogo kwa upande zinatosha santuri ya inchi 12 kuzungushwa mizunguko 45 kwa dakika, na sauti inatoka nene kuliko kwenye 33.

Muda mrefu walikuwa waajiriwa. Sheria ya Japani humpa mfanyakazi likizo yenye malipo ya siku 10 baada ya miezi sita, ikipanda hadi 20 baada ya miaka sita na nusu. Kwa hiyo ziara ya Ulaya hupangwa kwa kuunganisha likizo hiyo na sikukuu za mwishoni mwa Aprili na mwanzoni mwa Mei, na siku ya mwisho iachwe tupu. Ndege ikichelewa mtu asikose kazini. Waliacha ajira kuifanya bendi kazi kamili, kisha korona ikafunga kumbi. Msiache kazi bila akiba ya miezi sita ya kodi ya nyumba na chakula, na humo msihesabu mapato ya ziara ambayo bado hayajaingia.

Kwa Marekani, viza ya makundi yanayojulikana kimataifa hudai angalau asilimia 75 ya wanachama wawe wamekaa kwenye kundi mwaka mzima. Bendi ya watu wanne ikibadilisha mmoja iko salama. Ikibadilisha wawili imekwama, hata kama tiketi zimeshauzwa. Fulana za kuuza zichapishwe hukohuko ikiwezekana, maana mzigo wa kuuza ukikutwa kwenye sanduku hutozwa ushuru kama bidhaa.