Betri zilizokufa, aproni zilizopasuka: majibu kwa wanaotunza risasi chakavu

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa watu walioachiwa ufunguo wa stoo: walimu, mafundi, wahudumu wa hospitali. Zote zinauliza kuhusu risasi, ile metali nzito ya kijivu iliyomo kwenye betri, kwenye lehemu na kwenye aproni za kujikinga na mionzi ya eksirei. Nimefanya kazi miaka mingi katika karakana ya hospitali, na majibu yangu yanatoka huko.

Shule yetu ya bweni ina betri 16 za sola zilizokufa. Mnunuzi wa skrepa ametoa bei nzuri, ila anataka tumwage maji kwanza. Tuyamwage wapi? (Mwalimu, Iringa)

Msiyamwage popote, mwalimu. Hayo tunayoyaita maji ni tindikali, na imebeba risasi kutoka kwenye sahani za ndani. Ikiingia ardhini, risasi haiozi wala haipotei. Itabaki palepale hata shule ikibadilisha wakuu kumi, na watoto watacheza juu yake.

Mnunuzi anayetaka betri kavu anataka kubeba mali na kuwaachia sumu. Tena anawaonyesha betri zenu zinakokwenda: kupasuliwa kwa shoka uani kwa mtu na kuyeyushwa kwa mkaa. Mombasa wanalijua hili. Katika mtaa wa Owino Uhuru palikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kilichopakana na nyumba za watu, kikafungwa 2014 baada ya wakazi, wakiongozwa na Phyllis Omido, kupiga kelele kwa miaka. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3, na kesi ikaendelea kwa rufaa hadi Mahakama ya Juu. Fidia haiondoi risasi iliyokwisha kukaa kwenye mifupa ya mtoto.

Kwa hiyo ziacheni betri nzima na tindikali yake ndani. Zisimame wima kwenye trei ya plastiki, chini ya paa, penye hewa, mbali na jiko na mabweni. Vichwa vyake vizibwe kwa tepu ya umeme, maana hata betri iliyokufa inaweza kutoa cheche. Ule ungaunga mweupe unaoota kwenye vichwa usipulizwe kwa mdomo wala kukwanguliwa ukiwa mkavu. Ufutwe kwa kitambaa kibichi, na kitambaa hicho kisirudi jikoni. Betri ikivuja, vaa glavu za mpira na miwani, nyunyiza magadi mpaka povu likome, zoa, weka kwenye ndoo yenye mfuniko. Ndoo hiyo iondoke pamoja na betri.

Mtafuteni mnunuzi mwenye kibali cha taka hatarishi, na waulizeni wasimamizi wa mazingira wa serikali: kwa Tanzania NEMC, kwa Kenya NEMA. Zaidi ya nusu ya uzito wa betri ni risasi, na inaweza kutumika tena na tena. Mali mnayo. Msiharakishwe na noti za leo.

Aproni zetu za eksirei zimechakaa. Tunaweza kuzikata na kuzichoma kwenye tanuru la taka za hospitali? (Mtaalamu wa eksirei, Kilifi)

Hapana, dada, usikate wala usichome. Ukikata unatoa vumbi la risasi. Ukichoma, risasi inapanda na moshi na nyingine inabaki kwenye majivu, na majivu hayo mara nyingi humwagwa nyuma ya hospitali tu. Kwanza hakikisheni kweli zimekufa: zipigwe picha kwenye mashine yenu wenyewe, na nyufa zitaonekana. Nyingi hupasuka kwa sababu zilikunjwa badala ya kutundikwa. Zilizopasuka zifungeni kwenye mfuko mzito wa plastiki, andikeni "risasi", mzihifadhi chini ya kufuli. Mwulizeni aliyewauzia kama anazipokea. Kama hazipokei, ziende kwa mwenye kibali. Wala msimpe fundi nguo azigeuze kitu kingine.

Kwenye stoo ya zamani kuna chungu kizito cha risasi chenye alama ya mionzi. Wauza skrepa wanakitaka. (Mtunza bohari, Moshi)

Shikamoo mzee. Usikifungue, usikisogeze, usikiuze. Funga mlango, wazuie watu, mjulishe mkuu wako leo hii, na Tume ya Nguvu za Atomiki ipigiwe simu. Chungu cha namna hiyo kilitengenezwa kukinga watu na kitu kilichomo ndani, na huwezi kujua kwa macho kama bado kimo.

Mwaka 1987, mjini Goiânia, Brazili, watu wawili walichukua kifaa cha kutibia saratani kutoka kliniki iliyohamwa, wakakiuza kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Ndani mlikuwa na unga uliong'aa gizani kwa rangi ya buluu. Watu waliupenda, wakawagawia ndugu na marafiki. Wanne walikufa, mmoja wao msichana wa miaka sita, na 249 wakakutwa na uchafu wa mionzi.

Mume wangu ni fundi betri chuoni. Kila jioni hunywa maziwa kutoa sumu. Nina mimba ya miezi minne. Inatosha? (Mama mtarajiwa, Morogoro)

Haitoshi, mwanangu, na nasikitika kwamba imani hii imewapumzisha mafundi wengi. Maziwa hayaoshi risasi. Mlo wenye kalsiamu na madini ya chuma hupunguza kiasi ambacho mwili unafyonza, basi. Mwili huichukua risasi kama kalsiamu, ukaiweka kwenye mifupa kwa miaka mingi, na wakati wa ujauzito mifupa huiachia ikamfikia mtoto.

Hatari yako kubwa ni ovaroli lake. Asirudi nalo nyumbani, usilifue wala kulikung'uta wewe. Abadili nguo na viatu kazini, anawe uso na mikono kwa sabuni kabla ya kula, aoge kabla ya kukukumbatia. Nyumba ipigwe deki kwa maji, isifagiliwe kavu. Kliniki waambie kazi ya mumeo na uombe kipimo cha risasi kwenye damu, wewe na yeye.

Wanafunzi wanaweza kuyeyusha mabaki ya risasi kutengeneza timazi? (Mwalimu wa ufundi, Tanga)

Hapana. Risasi huyeyuka kwa nyuzi 327 tu, jiko la mkaa linafika huko bila shida, ndiyo maana watu huiona kazi nyepesi. Utotoni Pangani jirani yetu aliyeyusha sahani za betri kwenye karai ili apate chubwi za nyavu. Tulichuchumaa kumzunguka kutazama ule uji wa rangi ya fedha ukicheza. Kila mara aliengua utando wa juu kwa kijiko na kuurusha mchangani, palepale tulipochezea gololi. Ule utando ndio unaogeuka vumbi. Hakuna aliyetufukuza, kwa sababu hakuna aliyejua.

Mabaki yenu yatieni kwenye ndoo yenye mfuniko, yaandikeni, yaende pamoja na betri za chuo. Timazi za chuma zinauzwa madukani, na ukuta unanyooka vilevile.