Waya Nao Utafutiwe Mfadhili

Wiki hii mmetuuliza sisi wasomaji kama fedha za misaada ya wanyamapori zinafika zinakohitajika. Mimi nauza dawa za mifugo hapa Orkesumet, Simanjiro. Naona zinafika, ila zinapenda sura nzuri.

Pale Nairobi, Sheldrick Wildlife Trust, iliyoanzishwa mwaka 1977, inalea watoto wa tembo waliofiwa na mama zao. Mtu yuko Uingereza, anatoa dola 50 kwa mwaka, anachagua mtoto wake kwa jina, anatumiwa habari zake. Simcheki hata kidogo. Mtoto wa tembo hunywa maziwa kila baada ya saa tatu, usiku kucha, mlezi analala naye bandani, na baadhi ya waliolelewa hivyo wamerudi Tsavo wakazaa. Maziwa hayo lazima yalipiwe.

Lakini huku kwetu simba anaponzwa na ng'ombe. Usiku akizunguka boma la miiba, ng'ombe wakinusa harufu yake wanataharuki, wanalivunja boma wenyewe na kutoka nje, ambako yeye anawasubiri. Kukicha, vijana wanashika mikuki, au mtu anatia sumu kwenye mzoga. Sumu haijui nani kaua: wanakufa fisi, wanakufa tai, hata mbwa wa jirani.

Tanzania People & Wildlife, shirika la uhifadhi lililoko Loibor Siret, humu humu Simanjiro, lina njia yake. Boma linazungushiwa wavu wa waya, na nguzo zake ni matawi ya miti ile inayochipua ukiichomeka tu ardhini. Nguzo iliyoota haiozi wala hailiwi na mchwa. Fedha za wafadhili hulipa sehemu ya gharama, mwenye boma naye anachangia. Hapo ndipo waliponikosha, maana mtu alichokitolea hela yake, kikitoboka anakiziba siku hiyohiyo.

Ila waya hauna mkonga. Haunyonyi chupa mbele ya kamera, na sijasikia mtu aliyeupa jina. Ndiyo maana, nadhani, ni kazi kuuombea fedha.

Nina mteja mmoja, mzee wa makamo. Zamani kila mara alikuja kuchukua dawa ya vidonda, ng'ombe kararuliwa mgongo, ng'ombe kararuliwa paja. Tangu azungushie waya, ananunua dawa ya kupe tu. Mauzo yangu kwake yameshuka, na sijamnung'unikia.